Hodi Nane, Mlango Mmoja: Kwa Wanaoanza Kugusa Intarapti za Draiva

Simu ya kwanza kutoka Kibaigwa ilinikuta nakunywa chai. Kompyuta ya ghalani imewashwa, kadi ya mizani imekataa, na kwenye kioo kuna kosa la hasi 28. Nilijibu kwa haraka ya mtu anayejiona anajua: "Diski imejaa hiyo. Futa video."

Hasi 28 katika Linux ni ENOSPC, na maelezo yake ya kawaida ni kwamba hakuna nafasi iliyobaki kwenye kifaa. Aliyewahi kujaza flashi anaijua sentensi hiyo. Karani, kijana mtiifu, akafuta video za harusi ya dada yake, akawasha upya, akanipigia tena: "Bado, fundi." Diski yake ilikuwa tupu zaidi ya nusu. Kilichokosekana ni vekta za intarapti, yaani namba ambazo kadi inazitumia kuiita prosesa, na mimi niliyekabidhiwa draiva ile (programu inayoiongoza kadi) sikuwa nimewaza kwamba kosa hilohilo linatumika huko pia. Kuhusu zile video, hajanisamehe hadi leo.

Nawaandikia ninyi mnaokuja fildi hapa kwetu Area D kutoka UDOM na vyuo vingine vya Dodoma. Mnafika mkiwa mmesoma lugha ya C vizuri kuliko nilivyoisoma mimi, halafu mnakabidhiwa draiva ya mtu mwingine na mnadhani kazi iko kwenye ile funksheni inayoitikia intarapti. Mara nyingi haiko huko. Iko kwenye kuomba intarapti na kuirudisha, sehemu ambayo kila mtu anainakili kutoka draiva nyingine bila kuisoma.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mzee mmoja mfanyabiashara wa nafaka ana maghala mawili. Kila ghala lina kompyuta yake na mizani nane za kupimia magunia, kila moja inatoa uzito kwa waya wa RS-232, na zote zinaingia kwenye kadi moja ya PCI Express yenye poti nane. Kadi imetengenezwa nje, draiva yake iliandikwa kwa ajili ya kerneli (kiini cha Linux) ya zamani, na sisi ndio tulioitwa kuihuisha. Nilipoichukua ilikuwa inafanya kazi kwenye kompyuta yetu ya karakanani bila tatizo lolote. Hilo ndilo lililonipumbaza.

Intarapti ni hodi. Kadi imepokea herufi kutoka kwenye mizani, inabisha. Prosesa inaacha ilichokuwa inafanya, inakwenda kusikiliza, kisha inarudi kwenye shughuli yake. Vitabu vingine vinaiita katizo. Karakanani tunasema intarapti, au hodi tu tukiwa tumechoka.

Zamani PCI ilikuwa na waya nne za kubishia hodi, INTA hadi INTD, na vifaa vingi vilichangia waya mmoja. Fikiria nyumba ya kupanga pale Nkuhungu: geti moja, wapangaji sita. Mtu akibisha getini, kila mpangaji anatoka kuchungulia kama ni mgeni wake. Asiye wake anasema si wangu, anarudi ndani. Kwenye msimbo hiyo ni IRQ_NONE. Mwenye mgeni anasema ni wangu, anamkaribisha. Hiyo ni IRQ_HANDLED. Utaratibu huu unakwenda vizuri mradi kila mpangaji anasema kweli.

Baadaye ikaja MSI, yaani intarapti za ujumbe (Message Signaled Interrupts). Hapa kadi haigusi waya wowote. Inaandika namba fulani kwenye anwani fulani ya kumbukumbu, na kule kuandika ndiko kubisha. Ni kama kila mpangaji sasa ana simu yake na mgeni anampigia moja kwa moja. Kadi ya MSI inaweza kuwa na vekta hadi 32, kwa hesabu ya kuzidisha mbili mbili: 1, 2, 4, 8 na kuendelea. MSI-X, ndugu yake mdogo, inafika 2048. Kadi ya mizani ni ya MSI ya kawaida, na ina uwezo wa vekta nane, moja kwa kila poti.

Sasa shika hili: kadi kuwa na uwezo wa nane si sawa na draiva kupewa nane. Draiva inaomba, kerneli inaamua. Na draiva niliyoirithi ilikuwa inaomba namna hii: kiwango cha chini nane, cha juu nane. Nipe zote au usinipe kitu. Kwenye kompyuta yetu ilipewa nane. Kule Kibaigwa ikapewa hasi 28.

Sababu niliikuta baada ya kusafiri. Nilipanda basi Nanenane, nikapita Ihumwa, Chamwino na Mbande nikiwa na laptopu mapajani, najaribu kubuni sababu zote isipokuwa ile ya kweli. Nilipofika nikaandika lspci -vv, amri inayoorodhesha vifaa vya PCI. Andika kwa sudo, maana bila sudo sehemu unayoitaka inafichwa na utadhani kadi haina MSI kabisa. Kwenye mstari wa kadi yetu palikuwa na neno Count na namba mbili zenye mkwaju katikati. Ya kulia ni uwezo wa kadi, ya kushoto ni zilizowashwa. Kulia palikuwa na 8, na MSI yenyewe ilikuwa imezimwa.

Kwenye mashine za x86, Linux haikupi vekta nyingi za MSI kwa kifaa kimoja mpaka mashine iwe na uwezo wa kuelekeza upya intarapti. Uwezo huo, kwa prosesa za Intel, umefungamana na VT-d, na VT-d ni kitu unachokiwasha au kukizima kwenye BIOS, mipangilio ya mazabodi inayosomwa kabla Linux haijaamka. Ikiwa imezimwa, unapewa vekta moja tu. Kompyuta ya mzee ilikuwa ya mtumba (ya mitumba jamani, si ya Mtumba ya Mji wa Serikali) na VT-d ilikuwa imezimwa. Draiva ikaomba nane au sifuri. Kerneli ikiwa na moja mkononi ikajibu hasi 28.

Nikaiwasha VT-d. Draiva ikapakiwa, mizani zikaongea, mzee akafurahi, nikarudi Dodoma na debe la karanga. Nikaandika kwenye daftari la kazi kwamba tatizo limeisha.

Mwezi wa 6 mahindi yanaingia kwa wingi, malori yanapanga foleni hadi barabarani. Umeme ukakatika usiku. Betri ndogo ya mazabodi, ile ya duara kama sarafu, ilikuwa imekufa siku nyingi bila mtu kujua. Umeme uliporudi BIOS ilikuwa imesahau kila kitu, saa imerudi nyuma miaka kadhaa, na VT-d imezimwa tena. Saa 12 asubuhi simu ikaita. Safari hii hakuwa karani, alikuwa mzee mwenyewe, na hakusema fundi. Alisema, "Mwanangu, nina malori kumi na moja hapa."

Ningeweza kumwelekeza karani kwa simu aingie BIOS aiwashe, na kwa asubuhi ile ndicho nilichofanya. Lakini draiva inayotegemea kwamba mtu fulani hajagusa BIOS haijatengenezwa. Kadi ilikuwa na uwezo wa kufanya kazi kwa vekta moja muda wote. Ni sisi tulioikatalia.

Hapa nitasimama kidogo kwenye hesabu, maana mwenzangu mmoja alibisha kwamba vekta nane zinahitajika kwa ajili ya kasi. Mizani zile zinaongea kwa biti 9600 kwa sekunde. Herufi moja inachukua biti kumi ukihesabu ya kuanzia na ya kumalizia, kwa hiyo ni herufi 960 kwa sekunde kwa poti, na 7,680 kwa poti zote nane zikipiga kelele pamoja. Hata kwa chipu ya zamani ya 16550A yenye foleni ya baiti 16, ukiiambia ibishe hodi foleni ikifika 14, unapata intarapti kama 550 kwa sekunde, ongeza na zile za foleni kukaa bila kujaa. Prosesa ya leo haitambui hata kama imeguswa. Vekta nane kwa kadi ile ni anasa. Kwenye kadi ya mtandao yenye kasi kubwa, ambako kila kiini cha prosesa kinataka foleni yake, hapo ni hoja nyingine.

Basi nikabadilisha ombi. Tangu kerneli 4.8 ya mwaka 2016 kuna njia moja ya kuomba aina zote kwa pamoja:

n = pci_alloc_irq_vectors(pdev, 1, 8, PCI_IRQ_ALL_TYPES);

Inajaribu MSI-X kwanza, kisha MSI, kisha waya wa zamani. Chini moja, juu nane. Ukikuta draiva bado inatumia ile familia ya zamani ya pci_enable_msi na wenzake, hapo ndipo pa kuanzia kufagia.

Nikajaribu kwenye mashine yetu: nane, safi. Nikatuma Kibaigwa, ambako VT-d ilikuwa imezimwa tena. Draiva ikakataa tena, safari hii kwa hasi 22, na kwenye dmesg, yaani daftari la ujumbe wa kerneli, ule mstari wangu wa kuandika namba ya intarapti ukaonyesha 4294967274. Nikaikodolea macho kama mtu aliyeletewa bili ya maji ya mtaa mzima.

Makosa yalikuwa mawili, moja juu ya jingine. La kwanza: nilibadilisha ombi lakini sikusoma jibu. Ile n ilirudi ikiwa 1, na chini yake kitanzi changu kikaendelea kuzunguka mara nane kikiuliza namba ya vekta ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwa vekta ya pili, ambayo haipo, pci_irq_vector ilijibu kwa adabu kabisa hasi 22, yaani ombi batili. La pili: jibu hilo nililiweka kwenye kigeu cha aina isiyo na hasi, kisha nikauliza kama ni dogo kuliko sifuri. Haliwezi kuwa dogo kuliko sifuri. Umelinyang'anya alama yake ya hasi. Chukua 4294967296 utoe 22 uone unapata ngapi. Kompaila ingeniambia kama ningeiruhusu itoe maonyo yote, ila nilikuwa nimeyazima kwa sababu yalikuwa "mengi". Namba ya intarapti ihifadhiwe kwenye int ya kawaida mpaka umeshaikagua. Maonyo ya kompaila msiyazime.

Halafu likafuata la tatu, lililokuwa limejificha nyuma ya hayo mawili. Kitanzi kilipokwama kwenye vekta ya pili, msimbo uliruka kwenda kwenye usafi wa mwisho, na usafi ule ulirudisha intarapti zote nane. Lakini ilikuwa imechukuliwa moja tu. Kerneli ikaandika onyo kwamba najaribu kuachia IRQ (namba ya intarapti) ambayo tayari iko huru, mara saba. Mtu anayerudisha sufuria nane wakati aliazima moja hashukuriwi. Anaulizwa hizo nyingine kazitoa wapi. Mkiandika njia ya kurudi nyuma baada ya kosa, irudi kutoka pale mlipofika, si kutoka pale mlipotarajia kufika. Na ile alama mnayoipa request_irq mwishoni, dev_id, lazima iwe ileile mnayoipa free_irq. Kwenye waya wa kuchangia, kerneli inakataa kabisa alama tupu, kwa sababu haitajua mpangaji yupi anahama.

Nikayasahihisha yote matatu. Draiva ikapakiwa kwa vekta moja. Nikaona Count=1/8 na sikuwahi kufurahia sehemu moja ya nane namna ile.

Siku mbili baadaye mizani namba 5 ikaganda. Inaonyesha kilo 102, gunia limeshashushwa, bado kilo 102. Ukiondoa draiva na kuipakia upya inapona kwa saa kadhaa. Poti nyingine hazina shida, kisha siku inayofuata inaganda namba 2. Nilishuku nyaya, nikashuku vumbi (mnalijua vumbi la kiangazi cha huku na upepo wake, linaingia hata kwenye sahani iliyofunikwa), nikamfanya karani apulize kadi yote. Hili lilinila wiki nzima, na ndilo ningependa mlielewe vizuri kuliko yote niliyokwisha kusema.

Vekta ikiwa moja, funksheni ya kuitikia haijui ni poti gani imebisha. Inasoma rejista ya hali ya kadi, yenye biti nane, moja kwa kila poti, na inahudumia zile zilizowaka. Yangu ilisoma mara moja, ikahudumia, ikaondoka. Kwa waya wa zamani hilo lisingeleta shida: waya unabaki unabisha kwa muda wote ambao kuna poti moja yenye haja, kwa hiyo ukiondoka mapema unaitwa tena palepale. Mgeni amesimama getini na kidole kwenye kengele. MSI haiko hivyo. MSI ni ujumbe. Kadi yetu inautuma pale hali inapotoka kwenye kimya kabisa kwenda kwenye kuwa na haja. Sasa chukua mfano nimesoma rejista, poti ya 3 imewaka, naihudumia. Wakati naihudumia, poti ya 5 nayo inawaka. Rejista haijawahi kurudi sifuri, kwa hiyo kadi haitumi ujumbe mpya. Namaliza ya 3, naondoka. Ya 5 inasubiri kuhudumiwa, kadi inasubiri nisafishe, mimi nasubiri ujumbe. Watu watatu kwenye kituo cha daladala kila mmoja akidhani mwenzake ndiye konda.

Dawa ilikuwa mistari miwili: rudia kusoma rejista mpaka irudi sifuri, ndipo uondoke. Kadi nyingine zina tabia tofauti, hivyo msinakili dawa yangu bila kusoma karatasi ya kadi yenu. Kinachohamishika ni swali: je, hodi hii ni ya kidole kwenye kengele au ni ya ujumbe mmoja? Draiva iliyokulia kwenye waya inaweza kuwa na shimo hili kwa miaka na isijulikane mpaka siku inapohamia MSI.

Kuhusu urefu wa funksheni yenyewe sitasema mengi, mmefundishwa: isilale, isiombe kumbukumbu kwa GFP_KERNEL, kazi nzito ipelekwe kwenye uzi kwa request_threaded_irq. Ukiacha sehemu ya kwanza tupu, weka IRQF_ONESHOT, la sivyo unaweza kukataliwa.

Turudi kwa mzee. Ghala la pili lina kompyuta ya zamani zaidi, na fundi aliyetangulia, Mungu anajua kwa nini, alikuwa ameweka pci=nomsi kwenye mstari wa kuwashia kerneli. Kule draiva yetu ilianguka hadi kwenye waya wa kuchangia, namba 16, pamoja na kidhibiti cha USB. Ilifanya kazi. Nilikuwa nimekumbuka kuweka IRQF_SHARED, maana bila hiyo unapata hasi 16 na lawama ya bendera zisizolingana. Nikawa najisifu moyoni.

Shida ilitokea nilipoiondoa draiva ili niweke toleo jipya. Baada ya rmmod, kibodi ikaanza kuandika kwa kusuasua, herufi moja baada ya muda, kisha ikawa haifai kitu. Mzee akasema, "Hiyo ya Kichina, imekufa," akamtuma mtu dukani akanunua nyingine. Ikafanya vilevile. Wakati huo nilishaanza kutokwa na jasho, maana dmesg ilikuwa imeandika "irq 16: nobody cared" (hakuna aliyejali), na chini yake kwamba IRQ namba 16 imezimwa.

Kilichotokea ni hiki. Draiva yangu ilipokuwa inahama, ilirudisha funguo lakini haikuiambia kadi inyamaze. Mizani zikaendelea kutuma, kadi ikaendelea kubisha geti la namba 16. Mpangaji pekee aliyebaki ni USB, naye kila akitoka anasema si wangu. Kerneli inahesabu: katika hodi 100,000, kama zaidi ya 99,900 hazina mwenyewe, inafunga geti. Geti likifungwa halibagui. Mgeni wa kweli wa USB, yaani kibodi, naye anabaki nje. Kuna wanaotibu hili kwa kurudisha IRQ_HANDLED kila mara, iwe mgeni wao au si wao. Usifanye hivyo. Kerneli inapoteza njia ya kujua kwamba kuna geti linalobishwa bure, na badala ya kibodi kufa utakuwa na prosesa inayohema siku nzima bila sababu inayoonekana.

Kwa hiyo mpangilio wa kuingia na kutoka. Unapoingia, nyamazisha kadi kwanza, maana hujui aliyekutangulia aliiacha katika hali gani. Andaa kumbukumbu na kufuli zako zote (locks). Omba vekta, sajili funksheni, na mwisho kabisa iruhusu kadi ibishe. Ukisajili kabla hujaandaa, hodi ya kwanza itakukuta na kielekezi tupu, na itakuwa mara moja kati ya mia, siku ya malori.

Unapotoka, zima ruhusa ya kadi, kisha isome rejista ileile uliyoiandika. Kuandika kwenye PCI ni kama kutumbukiza barua posta: umeshaachia mkono lakini haijafika. Kusoma kunalazimisha ifike. Halafu free_irq, ambayo kwa wema wake inasubiri funksheni inayokimbia wakati huo imalize. Halafu pci_free_irq_vectors. Ndipo uachie kumbukumbu. Draiva niliyoirithi ilikuwa inaachia kumbukumbu kabla ya free_irq, yaani inaondoa kiti mgeni akiwa amekaa. Mkitumia zile funksheni za devm zinazojisafisha zenyewe, kumbukeni zinasafisha baada ya remove, funksheni ya kutoka, kurudi. Ukizima saa au umeme wa kifaa ndani ya remove, hodi bado inaweza kuingia baada ya hapo.

Mnaofanya kazi na vibao vya ARM, nyinyi hamna PCI mara nyingi, mnaomba kwa platform_get_irq. Hairudishi sifuri, inarudisha namba au hasi. Ikirudisha hasi 517 haijafeli, inasema subiri mwenzangu hajaamka, kwa hiyo rudisha namba hiyo ilivyo badala ya kuweka hasi yako ya kubuni. Nimeona draiva tatu zikiwa na kosa hilohilo, zote zimenakiliwa kutoka moja.

Namna ya kujaribu. Mashine ya majaribio ni ile iliyo chini ya meza ya dirishani, na ina kadi kama ya Kibaigwa. Iwasheni mara tatu, kila mara kwa mstari tofauti wa kerneli. Mara ya kwanza kawaida, mtapata nane. Mara ya pili wekeni intremap=off, mtapata moja, bila kugusa BIOS wala kusafiri. Mara ya tatu pci=nomsi, mtaanguka kwenye waya wa kuchangia. Kila mara fungueni /proc/interrupts muone jina la draiva limekaa kwenye mistari mingapi na hesabu inapanda mkituma data. Kisha ipakieni na kuiondoa mara 200 kwa kitanzi huku data inaingia, na msome dmesg yote, si mistari ya mwisho tu. Kerneli ya mashine ile imejengwa na CONFIG_DEBUG_SHIRQ, inayobisha hodi ya uongo makusudi wakati wa kuachia intarapti ya kuchangia, hivyo mliokosea mpangilio wa kutoka mtajulikana mapema. Toleo langu la kwanza lingekufa kwenye jaribio la pili, ndani ya dakika tano. Mimi nililijaribu kwa kumtumia mzee wa watu.

Kibodi iliyopo pale, yenye herufi N inayokwama, ndiyo ile ya mzee ya ghala la pili. Alikuwa ameshaitupa kwenye debe la taka nilipogundua haina kosa, nikamwomba. Ikisuasua mkiwa kwenye waya namba 16, msinunue nyingine.